Vitambaa vya viraka vinanuka: siki, magadi, jua au udi?

MamaViraka (Dar es Salaam)
Habari za jioni wapendwa. Nashona blanketi la viraka la kitanda cha futi tano kwa sita, vitambaa nimevikusanya miezi kama minane. Leo nimefungua maboksi, nimejuta. Mafungu yako matatu na kila moja lina karaha yake.

La kwanza ni mashati ya pamba na mapazia ya mitumba niliyochagua mwenyewe pale Karume. Yana ile harufu ya vidonge vyeupe vya kabatini, nafthalini, inapanda mpaka machoni. La pili ni mabaki ya vitenge niliyopewa na fundi. Yalikaa sakafuni masika yote, yamevunda. La tatu ndilo linaloniuma: kanga mbili za marehemu bibi, zimeletwa kwa basi kutoka Kilwa na ndugu ambaye, sijui aliwaza nini, amefungia ndani yake ng'onda, wale samaki wakavu.

Nimeshafua mara moja kwa sabuni ya unga nikamalizia na ile dawa ya kulainisha nguo yenye manukato. Sasa zinanuka ng'onda na maua.

Naomba kujua: siki, magadi, kuanika juani, kufukiza udi, ipi inafanya kazi kweli? Msiniambie "jaribu zote". Na nifue kabla ya kukata au nikate kwanza?

FundiSuruali
Jik vifuniko viwili kwenye ndoo, umemaliza. Pole kwa kanga.

MwalimuMstaafu (Morogoro)
Fundi, hapo umeokoa pua ukaua rangi. Kanga ya bibi ikitoka kwenye Jik itakuwa shuka la hospitali. Halafu watu wana tabia ya kuona Jik haijatosha wakaongezea siki humo humo. Msifanye hivyo hata siku moja. Vikikutana hivyo viwili hutoa gesi ya klorini, na bafu zetu ndogo hizi hazina pa kupitisha hewa.

Mama, kosa liko kwenye swali lenyewe. Unauliza dawa ipi ni bora, kana kwamba unachougua ni ugonjwa mmoja. Nimefundisha kemia miaka mingi, ngoja nikuchoshe kidogo.

Shombo ya samaki inatokana na kemikali ziitwazo amini, na hizo ni besi, yaani kinyume cha asidi. Kinachozituliza ni asidi: siki, ndimu, ukwaju. Mpishi analijua hilo bila kwenda shule, ndiyo maana samaki hupakwa ndimu. Kikwapa na jasho lililochacha ni kinyume chake, harufu hizo zina asidi, na hapo ndipo magadi yanapofaa. Nafthalini haiko upande wowote. Haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha maana, kwa hiyo unaweza kuifua mpaka vidole vichubuke. Hiyo hutoka kwa kugeuka mvuke, na inachotaka ni upepo na joto. Uvundo nao ni kiumbe hai, ni ukungu. Usipoua na kukausha hadi ndani, utarudi.

BintiWete (Pemba)
Mwalimu kasema kweli, ila naomba niutetee udi kabla haujatukanwa. Kwetu nguo hutandazwa juu ya tenga, chetezo kikawekwa chini, moshi ukapanda polepole. Lakini nguo inayofukizwa ni iliyokwisha kufuliwa ikakauka. Bibi zetu hawakufukiza uchafu. Ukifukiza kitambaa kilichovunda, udi unakaa juu na uvundo unakaa chini, siku mtu akikilalia kwa jasho vinatoka vyote viwili kukusalimu.

Na kitambaa cheupe usikiweke karibu na chetezo, moshi una mafuta, utakiachia umanjano.

LesoZaKongowea (Mombasa)
Mimi huuza leso na nguo kuukuu, harufu ndiyo kazi yangu. Natumia siki na chumvi ya mawe kwa kila kitu. Inatoa harufu na pia inashika rangi isichuje. Mama usihangaike.

MwalimuMstaafu
Harufu sawa. Rangi sikubali. Rangi nyingi za viwandani zinazotiwa kwenye pamba siku hizi hazishikwi na siki. Leso inayochuja itaendelea kuchuja mpaka imalize rangi yake ya ziada. Unachokiona ni maji ya pili kuwa na rangi kidogo kuliko ya kwanza, na hilo lingetokea hata bila siki.

LesoZaKongowea
Mwalimu, wateja wangu hawalalamiki 😀

MamaViraka
Nimerudi baada ya siku kumi na moja. Niliona ubishi hauishi nikaamua kujaribu. Kila fungu nimekata vipande vinne vya ukubwa wa kiganja. Kimoja siki, kikombe kimoja kwa ndoo ya lita 10, saa moja. Kimoja magadi, vijiko viwili kwa ndoo kama hiyo (niliyayeyusha kwanza nikayachuja kwa kitambaa, maana ya sokoni yana udongo). Kimoja sikukiosha, nilikianika tu barazani. Cha nne nilikifukiza. Mnusaji alikuwa mpwa wangu wa miaka tisa, nimemfunga macho, malipo ni kashata.

Nafthalini: siki hakuna kitu, magadi hakuna kitu. Cha barazani, siku tano za upepo, mtoto akasema "hiki hakinuki, kinanuka nje". Cha udi akasema kinanuka "msikiti na choo". Sijamfundisha mimi.

Vitenge vilivyovunda: hapa nilishangaa. Cha juani kilionekana kimepona siku ya kwanza, nikafurahi. Kesho yake nikakinyunyizia maji ili nikipige pasi, uvundo ukaamka kama haujaenda popote. Cha siki kimepona, nikakilowesha tena kusudi, kimya. Cha magadi kimepona kwa kiasi, ila kimekuwa kigumu na rangi ya bluu imefifia kidogo.

Kanga: siki, mara mbili, ng'onda kaondoka. Lakini magadi! Mwalimu hukunionya. Nilipotia kipande kwenye ndoo ile shombo ilipanda mpaka jirani akauliza leo tunakula nini.

MwalimuMstaafu
Samahani, nilidhani nimeonya niliposema shombo ni besi. Magadi nayo ni besi. Kitambaa kilikuwa kimebana amini nyingine zikiwa chumvi tulivu, wewe ukazifungua zikapaa. Mtoto apewe kashata mbili.

Ukimaliza siki, fua kwa sabuni ya kawaida kisha suuza sana. Kama maji yako ni ya kisima cha chumvi, achana na sabuni ya mche. Inaganda na maji hayo na yale mabaki yake yakikaa kwenye nyuzi huanza kunuka yenyewe baada ya wiki kadhaa. Watu wengi wanaosema "nguo zangu zinavunda hata zikiwa safi" shida yao iko hapo.

MamaMapacha (Dodoma)
Naomba kuuliza kidogo. Mimi nashona kablanketi ka mtoto mchanga kwa mashati ya mitumba kama hayo ya nafthalini. Upepo siku tano unatosha?

MwalimuMstaafu
Kwa mtoto mchanga tafuta vitambaa vingine, binti yangu. Kuna watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na hali hiyo ipo sana katika nchi zenye malaria kama yetu. Nafthalini kwenye nguo na mablanketi imewahi kuvunja chembe nyekundu za damu za watoto wa namna hiyo, wakapata manjano kali. Wazazi wengi hawajui kama mtoto wao anao. Mashati hayo mtengenezee mto wa baba.

FundiSuruali
Haya, Jik nimeiacha. Niseme la ufundi, hilo mwalimu hawezi kunipokonya. Fua kabla ya kukata, kitambaa kizima. Kitenge cha pamba kinarudi, shati la mitumba limeshafuliwa mara mia halirudi tena. Ukiviunganisha bila kufua, siku blanketi likifuliwa kitenge kinavuta, shati linakunjamana, umepata blanketi lenye makunyanzi. Mabaki madogo yapitishe zigizaga pembeni kwanza, la sivyo yatatoka ndooni yakiwa uzi.

La pili, usipige pasi kitu ambacho bado kina shombo au jasho, joto linaipika ndani. La tatu, angalia kama shati ni pamba kweli. Vuta nyuzi mbili za pindo uzichome: pamba inanuka karatasi na kuacha jivu, poliesta inayeyuka ikawa kishanga. Poliesta inashika mafuta ya mwili, kikwapa chake ni cha kudumu. Mimi siitii kwenye blanketi.

BintiWete
Na ndani utatia nini? Kama ni sufi, isipate maji kabisa. Ianike juani kwenye mfuko wa kitambaa kabla ya kujaza, siku mbili, uigeuze.

MamaViraka
Sufi ya godoro la zamani, ndiyo. Asante shoga, nilikuwa naelekea kuiloweka.

Limebaki moja. Kuna ovaroli ya kaka yangu wa gereji, bluu nzuri sana, inanuka dizeli. Nimejaribu siki, sabuni, na jua la wiki nzima.

FundiSuruali
Hiyo kata dasta. Na pasi usiisogeze hapo karibu.