Leya 74 kwenye ramani moja ya nyumba: naombeni ushauri wa kuzipanga na kuzipa majina

Mchoraji_Uyole

Wakuu, habari za humu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nachora ramani za nyumba hapa Mbeya, huu mwaka wa tatu. Ofisini tuko watatu, tunapokezana mafaili kwenye flashi. Juzi nimerithi ramani ya nyumba ya vyumba vinne inayojengwa Uyole. Nikafungua orodha ya leya (matabaka ya mchoro) kwenye AutoCAD, programu tunayochorea: 74! Kuna Layer1 mpaka Layer19, kuna "ukuta", "ukuta mpya", "ukuta mpya 2", "kuta", na moja inaitwa USIFUTE. Ndani yake nimekuta kitanda na nusu ya ngazi.

Ningevumilia, ila limetokea la kutokea saiti. Mstari wa mwisho wa bati, ule unaotokeza sentimita 60 nje ya ukuta, ulichorwa kwenye leya ya ukuta, tena mstari mzima usiokatika. Kwenye karatasi ukatoka na unene uleule. Fundi akapima mpaka pale, akavuta kamba, akamwaga chokaa, vijana wakachimba. Nimefika jioni nakuta mtaro wa mita tisa uko nje ya nyumba, na vijana wanadai hela yao ya siku, ambayo ni haki yao. Vipimo vya upande ule, ambavyo vingemshtua fundi, havikutoka kabisa kwenye karatasi. Kwenye kompyuta naviona!

Naombeni mnisaidie: nianze kuchora upya au hili faili linasafishika? Na majina, niende na Kiswahili au yale ya Kimarekani?

Kihesa_Michoro

Marahaba, na pole sana mdogo wangu. Vipimo vyako viko kwenye leya iitwayo Defpoints. Hiyo AutoCAD huiunda yenyewe ukiweka kipimo cha kwanza, na haitoki kwenye karatasi hata ufanyeje. Mtu akichora humo bila kujua, anaona kila kitu kwenye skrini halafu karatasi inatoka tupu. Hamisha vyote vilivyomo, msichore humo tena.

Leya 0 nayo muiache kwa ajili ya kutengenezea bloku, yaani vichoro vya kurudiarudia kama mlango au dirisha. Mlango uliotengenezwa kwenye 0 ukiuweka kwenye leya ya milango unachukua rangi na unene wa milango. Ukitengenezwa kwenye Layer7 unabaki na Layer7 popote uuwekapo, na ndiyo maana utahangaika kuifuta Layer7 isifutike.

Kuhusu majina, Wamarekani wanaanza na herufi ya fani: A usanifu, S mihimili na nguzo, E umeme, P mabomba. Kisha kitu chenyewe kwa herufi nne, kama A-WALL, A-DOOR, S-COLS. Uzuri wote uko kwenye herufi ya kwanza, kwa sababu orodha inajipanga kialfabeti na vya umeme vinakaa pamoja vyenyewe. Mimi naandika A-UKUTA, A-MLANGO, A-BATI, S-NGUZO. Kijana wa mafunzo akija ofisini kwangu Iringa anaelewa siku hiyohiyo.

Bimu_na_Nguzo

Dada, kwenye Kiswahili nakupinga kwa heshima. Faili likienda kwa injinia wa Dar linarudi na A-WALL, ukiliunganisha na lako unapata ukuta mara mbili.

Kihesa_Michoro

Kaka, kwa hilo ipo amri ya LAYTRANS. Unaiambia mara moja kwamba A-WALL ni A-UKUTA, unahifadhi huo mpangilio, faili lijalo ni dakika mbili. Kinachoua ni watu watatu kuwa na majina matatu.

Bimu_na_Nguzo

Hapo sawa. Mdogo wangu, usichore upya. Hifadhi nakala kwanza. Andika LAYWALK upitie leya moja moja uone iliyobeba nini, kisha LAYMRG kuziunganisha zile kuta zote nne ziwe moja. Mwisho PURGE ziondoke zilizo tupu. Jihadhari na kitu kimoja kilichowahi kuniumiza: leya uliyoizima tu, ukichagua vyote kwa kuandika ALL halafu ukafuta, vilivyo ndani yake vinaondoka bila wewe kuviona. Usiizime, igandishe (freeze), haitaguswa.

Halafu umeprinti wapi?

Mchoraji_Uyole

Duka moja Mwanjelwa, nilipeleka DWG, faili lenyewe la AutoCAD.

Bimu_na_Nguzo

Basi na hilo limechangia. Kama unene wenu unafuata rangi, unakaa kwenye faili la CTB, linalosema kila rangi itoke na unene gani, na hilo limebaki ofisini. Dukani mistari yote imetoka sawa. Siku nyingine peleka PDF uliyoitoa mwenyewe.

Fundi_Mafinga

Mimi ni fundi, kompyuta sijui. Sisi tunaona karatasi. Ukuta uliokatwa uwe mnene, bati liwe la vidoti, nitajua. Na tafadhali nipe karatasi ya msingi peke yake. Mnatupa ramani yenye masofa na masinki tukachimbe nayo msingi, kuna upepo, vumbi, karatasi imekunjwa mara nne. Mstari mmoja ukipotea humo nani ataujua?

Kihesa_Michoro

Fundi kasema kweli, na leya zikipangika hilo ni jambo dogo. Kwenye dirisha la kuonyeshea mchoro (viewport) la karatasi ya msingi unagandisha A-FANICHA na A-BATI kwa dirisha hilo tu, kwingine zinabaki. Unene wa mistari, ukuta mpe milimita 0.50, milango 0.25, vipimo 0.18.

Mchoraji_Uyole

Nawashukuru sana, wakuu. Nimekesha nayo. Vipimo kweli vilikuwa Defpoints, vyote 11 vya upande wa nyuma. Leya sasa ni 21. Layer7 imegoma kama dada alivyosema, iko ndani ya bloku ya dirisha, naifungua usiku huu niihamishie 0. Wenzangu tumekubaliana majina ya Kiswahili yenye herufi ya fani, na tumeyaweka kwenye faili la kuanzia ili kila ramani mpya izaliwe nayo.

Fundi, karatasi ya msingi nimeitoa peke yake, PDF. Kesho saa moja asubuhi niko Uyole nayo, tunafukia ule mtaro na kuvuta kamba upya, mimi mwenyewe nikiwa nimeshika futi.