Kwa yule wa povu kule mtoni: SIJAPIGA MSWAKI, na hutanisahau

Kina_Kirefu (mwanzisha uzi)

Wakuu, nywele bado mbichi, sikio la kushoto bado lina maji, nimekaa na taulo kiunoni naandika hivi hivi kabla hasira hazijapoa. Simtaji. Mnamjua. Kama umewahi kwenda kuogelea mtoni hata mara moja maishani mwako, umeshakutana naye. Ni yule yule.

Nimetembea saa mbili kasoro. Njia yenyewe si njia, ni tetesi. Miiba imenichora miguu mpaka imekuwa kama daftari la mtoto wa chekechea. Nikafika. Pale mto unapoanguka kutoka mwambani halafu unatulia, maji yamechimba shimo lao, ya kijani kama chupa, unahesabu kokoto za chini moja moja. Hakuna mtu. Nikajisemea, leo nimeingia peponi bila kufa.

Na mimi si mtu wa kukurupuka. Nikaokota mti mrefu nikapima kina kwanza, maana maji maangavu ni matapeli: pa mita mbili unapaona kama mita moja na nusu, unashuka ukidhani utasimama, unakuta unaenda tu. Nikaingia miguu kwanza, taratibu, nikalowesha shingo, nikasubiri pumzi zirudi mahali pake. Nikalala chali. Nikafumba macho. Mdomo wazi. (Hilo nakiri. Mdomo ulikuwa wazi.)

Ndipo likaja POVU.

Si lile la mto lenyewe, la kahawia kahawia, linaloganda kwenye mizizi. Lile nalijua, ni majani yaliyooza huko juu, halina ubaya. Hili jeupe. Linanukia maua ambayo hayajawahi kuota popote duniani. Kuna wale wadudu wenye miguu mirefu wanaokimbia juu ya maji kama wanateleza kwenye kioo? Walikuwa pembeni yangu wanacheza. Povu lilipofika, maji yakakataa kuwabeba. Nimewaona kwa macho yangu wanazama. Tumezama pamoja, mimi na wao.

Naibuka nakohoa. Povu puani, povu kwenye nyusi, povu linatiririka kidevuni. Nageuka kutazama mkondo unakotoka, namwona. Amekalia jiwe kama amelizaa yeye. Kichwa cheupe pe, anajikuna shampuu kwa vidole vyote kumi. Ananitazama. Hana haraka. Halafu, mbele ya watu (kumbe walishafika watu kama mia tatu, sijui walikuwa wamejibanza vichaka gani wakisubiri aibu yangu), anasema:

"Vipi mzee, umepiga mswaki?"

WATU WAKACHEKA.

Mzee! Mimi! Kuna mtoto alicheka mpaka akaachia boya lake likaenda na maji. Mama yake badala ya kulifuata boya naye amekaa chini anacheka. Nawaambia hata maporomoko yalinyamaza kidogo ili yasikie vizuri.

Umepiga mswaki. Jamani.

Ndala_Moja

Nimekaa siti ya mbele. Swali la uzi: ulikuwa umepiga?

Jabali

Uzi bila picha ni kamba. Tupia picha ya povu.

Kina_Kirefu

@Jabali picha ningepiga na nini, na povu? Nasema sikuwa naona! @Ndala_Moja sikujibu wewe. Na nirudie kwa waliochelewa: sikumwambia neno baya. Niliibuka tu. Mtu anaibuka kutoka majini, anatafuta hewa, wewe unamwuliza habari za meno yake?

BintiMkondo

Mimi namjua huyo. Safari iliyopita alikuja na sabuni ya mche akafulia soksi pale pale. Tulikuwa kumi majini, maji yakawa na rangi ya soksi.

Utulivu_Sifuri

Huyo wa povu afadhali. Nipeni mwenye SPIKA. Unatembea nusu siku kutafuta ukimya, unafika unakuta spika ukubwa wa jokofu imewekwa kwenye jiwe, inatetemesha mpaka samaki. Namwuliza kiungwana, kaka, unaweza kupunguza? Ananiambia "sikusikii". Bila shaka hunisikii!

Jabali

@Utulivu_Sifuri anzisha uzi wako.

Utulivu_Sifuri

Huu umeshakufa, natumia mwili wake.

Kina_Kirefu

Uzi haujafa! Hamjaelewa uzito wa jambo. ALINIITA MZEE. Halafu MSWAKI. Halafu akainama akachota maji kwa kiganja akajisuuza, na lile povu la pili nalo likanijia mimi. Mara mbili! Mtu mmoja, kichwa kimoja, mapovu mawili.

Mtetezi_wa_Wanyonge

Mwanzisha uzi punguza jazba. Siku hizi kuna shampuu zimeandikwa kabisa kwamba zinaoza zenyewe, hazina madhara. Pengine jamaa alikuwa na hiyo.

BintiMkondo

@Mtetezi_wa_Wanyonge zinaoza kwenye UDONGO kaka, siyo kwenye mdomo wa mtu. Hata hiyo unatakiwa uchote maji, usogee mbali na ukingo, mita 60 hivi, ujisuuzie huko ardhini. Vijidudu vya udongoni ndivyo vinavyoivunja. Ukiimwaga mtoni inasafiri tu na abiria wake.

Ndala_Moja

Abiria ni Kina_Kirefu 😂😂

Mtetezi_wa_Wanyonge

Sawa dada, nimeelewa. Lakini mdomo aliuacha wazi kwa nini?

Kina_Kirefu

NILIKUWA NIMETULIA. Mtu aliyetulia mdomo hufunguka wenyewe! Nyie mkilala mnafunga kwa kufuli?

MzeeWaMaji

Vijana, nimesoma yote. Hakuna aliyeuliza la maana. Je, huko juu mvua ilikuwa inanyesha? Bwawa la mto halina mvua yake lenyewe. Pale ulipo jua linakuchoma mgongo, kumbe mawingu yameshamwaga kilomita nyingi juu, na maji yako njiani. Ukiona rangi inageuka ghafla ikawa ya tope, vijiti na majani vinaanza kupita, mlio wa maporomoko unakuwa mzito, usikusanye nguo. Panda juu. Nguo zitanunuliwa.

Jabali

Mzee wetu, mtu analia mambo ya mswaki wewe unaleta mafuriko.

MzeeWaMaji

Mswaki hauui, kijana.

Kina_Kirefu

Mzee wangu shikamoo, hoja nimeipokea. Lakini na wewe ungelikuwepo pale ungelisikia sauti yake alivyolivuta. "Umepigaaa mswaki?" Kama vile ananihurumia.

Picha_Kumi_Tu

Samahani wakuu, mimi lalamiko langu ni wale wanaokaa kwenye jiwe la kurukia wakipiga picha. Wanapanda sita. Harukii hata mmoja. Anasimama ukingoni ananyoosha mikono, "nipige nikiwa kama naruka". Sisi wenye kuruka kweli tuko chini kwenye foleni, tunatetemeka, meno yanagongana, maana maji yanavuta joto mwilini haraka kuliko hewa mara ishirini na ushee. Mmoja juzi kaniambia "subiri jua litoke winguni". Nilisubiri. Jua lilitoka. Akasema amefumba macho, turudie.

Utulivu_Sifuri

Jina lako na lalamiko lako haviendani.

Picha_Kumi_Tu

Mimi napiga kumi tu. Wao mia nne.

BintiMkondo

Na hao wakishapiga wanaandika mtandaoni mahali penyewe panapatikanaje, mpaka mti wa kukatia kona. Wiki ijayo ukienda unakuta umati kama kuna mnada. Nadhani hata huyo wa shampuu aliletwa na picha.

Chura_Mstaafu

Wanaoruka nao ni hamnazo. Nimeshuhudia mmoja anaruka KICHWA KWANZA sehemu ambayo hajawahi kukanyaga. Eti mwaka jana aliruka hapo hapo. Mwaka jana! Mto haukai, mkuu. Mafuriko yakipita gogo linahamia, mchanga unajaa, pa kina panakuwa pa kiuno. Shingo ni moja. Na chini ya maporomoko kabisa, pale panapochemka mapovu, msiende hata mkibembelezwa: maji yaliyojaa hewa hayakubebi, unapiga mikono kama unaogelea kwenye mawingu, na mkondo unakurudisha chini.

Ndala_Moja

Mapovu tena. @Kina_Kirefu umesikia? Yasiyo na shampuu ndiyo hatari.

Kina_Kirefu

Mnanifanyia makusudi.

Konokono_Hoi

Hivi kichocho hamkiongelei? Si mmekunywa hayo maji?

Jabali

Maji yanayokimbia hayana kichocho. Hilo linajulikana.

Konokono_Hoi

Linajulikana na nani? Konokono wake wanapenda palipotulia, penye majani majani, na bwawa la mto pembeni hapatulii? Katika maeneo yenye ugonjwa huo, vile vijidudu vikishatoka kwa konokono vinapenya NGOZI. Huhitaji kunywa tone. Unasimama tu kwenye maji ya magoti unapiga soga, vinaingia. Mkuu Kina, kama mto wenu ni wa hivyo, baada ya wiki kadhaa kapime choo na mkojo, usisubiri dalili. Dawa ipo.

Kina_Kirefu

Kwa hiyo sasa nina povu, nimeitwa mzee, na pengine nina kichocho.

Ndala_Moja

Na hujapiga mswaki.

Kina_Kirefu

Ndala naomba tuonane nje ya uzi.

Ruba_Mpole

Jamani mimi nilikuwepo leo. Nilikuwa kwenye kivuli upande wa pili. Watu hawakuwa mia tatu, tulikuwa saba. Na mwanzisha uzi hajawaambia kilichofuata. Baada ya lile swali alinyanyuka na hasira zake kumfuata jamaa, akakanyaga jiwe lenye utelezi, ule ukoga wa kijani, miguu ikaenda mbele, kiwiliwili kikabaki nyuma, akarudi majini kwa kishindo. Jamaa wa shampuu ndiye aliyempa mkono kumtoa.

Jabali

🚨🚨🚨

BintiMkondo

Weee! ALIMPA MKONO?

Kina_Kirefu

Mkono wenyewe ulikuwa na shampuu. Uliteleza. Nikaanguka mara ya tatu. Hilo Ruba hasemi.

Ruba_Mpole

Ni kweli, uliteleza. Na jamaa aliomba radhi, ila wewe masikio yalikuwa chini ya maji.

Mtetezi_wa_Wanyonge

Nilisema mimi.

Kina_Kirefu

Radhi ya chini ya maji haihesabiki. Kwanza swali la mswaki alilitoa juu ya maji, kwa sauti, na radhi anaitoa chini ya maji, kwa siri? Wakuu hamuoni hapo kuna kitu?

Ruba_Mpole

Halafu wakati unaanguka ndala yako ilikwenda na maji. Ya bluu.

Ndala_Moja

Subiri kwanza. Ya bluu?

Ruba_Mpole

Ya bluu, kamba nyeupe.

Ndala_Moja

Wakuu, sijachagua jina hili kwa utani. Msimu uliopita mto ulinichukulia ndala, bluu, kamba nyeupe, nimebaki na moja mpaka leo, nimeshindwa kuitupa. Mimi nipo chini kabisa, kule mto unapokunja. Kila siku natazama maji.

Chura_Mstaafu

Kumbe! Kule kwenye kona kuna ndala za kutosha kufungua duka, zote za mguu mmoja. Mimi nina nne.

Picha_Kumi_Tu

Chura una ya pinki namba 38? Ilikwenda nikiwa nasubiri foleni ya jiwe.

Utulivu_Sifuri

Mimi spika ile ikipita kwa maji mniambie nifurahi.

Kina_Kirefu

Samahani, tunaweza kurudi kwenye mada? Mtu amenimwagia povu mbele za

Ndala_Moja

@Kina_Kirefu iliyokwenda ni ya kushoto au ya kulia?

Kina_Kirefu

...Ya kushoto.

Ndala_Moja

Mimi niliyobaki nayo ni ya kulia. Unavaa namba ngapi, mzee?