Wasifu wa wafanyakazi kwenye tovuti ya kampuni unachakaa kila baada ya miezi michache, mnautunzaje?

KaratasiSafi

Wakuu, salaam. Kampuni ni ya ukaguzi wa hesabu na ushauri wa kodi, Dar es Salaam, watu 34. Tovuti ni ya WordPress (mfumo wa kuendesha tovuti), ina Kiswahili na Kiingereza. Ukurasa wa "Timu Yetu" bado unaonyesha watu wanne walioacha kazi, wawili waliopanda vyeo wanasomeka kama wasaidizi, na aliyepata CPA (sifa ya kitaaluma ya uhasibu) hajaongezewa sifa hiyo. Kila Januari unafanyika usafi mkubwa, ikifika Aprili mambo yameharibika tena. Naomba utaratibu: nani aguse nini, lini, na aliyeondoka aondolewe vipi asiache mabaki.

Fundi_Kurasa

Mkuu, kabla ya ratiba angalia sentensi zenyewe. Wasifu mwingi umeandikwa kwa namna ya kuoza. Mfano wa kila siku: "Ana uzoefu wa zaidi ya miaka 8, amejiunga nasi hivi karibuni na kwa sasa anasomea shahada ya uzamili." Mambo matatu, na yote yatapitwa na wakati muda si mrefu bila mtu kugusa chochote. Uandike hivi: "Anakagua hesabu tangu 2016. Alijiunga na kampuni mwaka 2023. Kazi zake nyingi ni za SACCOS na kampuni za bima." Hiyo itasomeka sawasawa hata miaka mitano ijayo. Masomo ambayo hayajaisha yaache kabisa, yaingie siku cheti kinapotoka. "Hivi karibuni", "kwa sasa" na idadi ya wateja, futa. Maneno 80 hadi 120 yanatosha, maana wasifu wa maneno 400 hata mwenyewe hausomi hadi mwisho, sembuse kuuhakiki.

Halafu tenganisha taarifa na maelezo. Tengeneza aina ya chapisho iitwayo "mfanyakazi" na uipe visanduku kwa Advanced Custom Fields (programu-jalizi ya WordPress ya kuongeza visanduku vya taarifa): jina, cheo, idara, sifa za kitaaluma, picha, tarehe ya kuhakikiwa. Ukurasa wa timu, wa idara na wa mtu mwenyewe vyote vivute cheo kutoka kisanduku hicho kimoja. Nina hakika kwenye tovuti yenu cheo kimechapwa kwa mkono mahali patatu au panne, ukihesabu na upande wa Kiingereza. Ndiyo maana mnasafisha na uchafu unabaki. Picha, sifa na tarehe ziwe za pamoja kwa lugha zote mbili, na vitafsiriwe cheo na maelezo peke yake.

BintiUtumishi

Alichosema Fundi ni kweli, ila bado hamjapata mwenye mali. Msimamizi wa tovuti hawezi kujua nani kapandishwa cheo. Anayejua ni HR (idara ya utumishi), kwa hiyo kila badiliko lianzie HR, ndani ya makaratasi ambayo lazima yajazwe. Fomu ya makabidhiano ya anayeacha kazi ina mstari wa laptopu, wa kitambulisho na wa funguo. Ongeza mstari mmoja: "Wasifu umeondolewa tovutini", wenye sahihi ya msimamizi wa tovuti. Fanya hivyo hivyo kwenye barua ya kupandishwa cheo na kwenye fomu ya kuajiriwa.

Uhakiki wa kawaida usiufanye kwa watu 34 siku moja. Wagawe, 11 au 12 kila mwezi, kila mtu atafikiwa mara moja kwa robo mwaka. Mtumie maandishi ya wasifu wake ndani ya baruapepe yenyewe, usimtumie kiungo, hatakifungua. Na usiulize "Kuna mabadiliko?" kwa sababu atajibu hapana akiwa hajasoma. Uliza hivi: Cheo hiki ndicho kilichopo kwenye mkataba wako? Kuna cheti kipya, kipi? Picha hii ni yako ya leo?

Akinyamaza siku tano za kazi, wasifu uende kwa mkuu wa idara, athibitishe cheo na idara tu. Kimya kisihesabiwe kuwa ruhusa ya kuweka picha au namba ya simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu ziwe sahihi, naye ana haki ya kudai zirekebishwe. Chukua ridhaa ya maandishi siku ya kuajiri. Na CPA isiandikwe mpaka HR imeona cheti. Kwa kampuni ya ukaguzi, sifa isiyothibitika ni jambo zito kuliko picha ya zamani.

Zuwena_Seva

Niongeze kuhusu kumwondoa mtu, maana hapo ndipo mabaki yanapozaliwa. Kufuta ukurasa hakufuti picha. Inabaki kwenye maktaba ya faili, tena kwa saizi kadhaa ambazo WordPress ilitengeneza yenyewe, na anwani yake bado inafunguka. Ifute kutoka kwenye maktaba. Kisha tafuta jina lake ndani ya tovuti nzima, hasa kwenye PDF ya maelezo ya kampuni, ambayo huwa inasahaulika kabisa.

Kama alikuwa anaandika makala, kuwa makini sana na akaunti yake. Ukiifuta, WordPress inakuuliza makala zake zifutwe au zihamishiwe kwa mtumiaji mwingine. Ukichagua kufuta, makala zote zinakwenda naye. Zihamishie kwa akaunti ya kampuni. Mwisho safisha kache (nakala za muda za kurasa), ukague kwa dirisha la faragha la kivinjari.

Fundi_Kurasa

Na ile anwani ya zamani ielekezwe kwa 301 (uelekezaji wa kudumu) kwenye ukurasa wa mwanzo.

Zuwena_Seva

Hapana kaka, ukurasa wa mwanzo sikubali. Mteja aliyebofya jina la mtu anatua mahali pasipomhusu, na Google huweza kuichukulia anwani ile kama ukurasa usiopo. Kama yupo aliyerithi wateja wake, 301 iende kwa huyo, au kwenye ukurasa wa idara. Kama hayupo, rudisha 410 (jibu la seva kwamba ukurasa umeondolewa kabisa). Kwa haraka zaidi tumia zana ya kuondoa kurasa ndani ya Google Search Console (huduma ya Google kwa wenye tovuti), lakini yenyewe inaficha kwa takriban miezi 6 tu, kwa hiyo ukurasa uwe umeshaondoka kweli.

Fundi_Kurasa

Nimekubali. Ya idara ni bora.

KaratasiSafi

Asanteni sana, dada Zuwena umenionyesha kitu ambacho sikukiwaza, ile PDF ipo. La mwisho: picha. Wengi wanaleta za WhatsApp, zimefifia. Na kuna picha ya pamoja yenye watu wawili walioondoka.

BintiUtumishi

WhatsApp hubana picha. Waambie watume kama dokumenti, si kama picha, itafika na ubora wake. Kata mraba wa pikseli 800 kwa 800, uibane ishuke chini ya KB 150. Ukuta uwe mmoja kwa wote, na mpiga picha aje mara mbili kwa mwaka ili wapya wasikae na kivuli cha kijivu miezi kumi. Ile ya pamoja itoe kwenye ukurasa wa timu, ihamie kwenye habari za siku ilipopigwa, na tarehe yake iandikwe chini ya picha.