Mrejesho: mchezo wangu wa mezani umeshatoka

Wakuu, niliuliza niutoe vipi mchezo wangu wa mezani ambao kila mchezaji huigiza mhusika (RPG), kijitabu cha kurasa 24, bila mchapishaji. Mlinishauri itch.io, tovuti ambako watengenezaji huru huuza michezo yao, nami nikafuata. Pale muuzaji mwenyewe hupanga asilimia ya mauzo ya kuiachia tovuti. Usipogusa kitu ni 10. Nikaweka bei ya "lipa unachoweza", pamoja na nakala za bure kwa wasiojiweza.

Kilichouza hasa si matangazo, ni kuucheza na watu! Nilikaa mezani na wanne wasionijua, wakakwama kwenye kanuni ya kurusha dadu. Nikaiandika upya usiku uleule. Wawili kati yao ndio wanunuzi wangu wa kwanza, na wameshaleta wenzao. Sasa najiandaa kwa Zine Quest, msimu wa vijitabu vya michezo kama huu kwenye Kickstarter (tovuti ya kuchangisha pesa za miradi), nipate pesa za kuchapa. Asanteni sana.