Programu nzito, CPU imetulia: nianzie wapi?

Wakuu, seva ya Linux, kori 4. CPU inatumika 10% tu, ila load (wastani wa michakato inayoendeshwa au kusubiri) ni 9 na programu inakwama. Tatizo nini?

Jibu 1: Kwenye Linux, load huhesabu pia michakato inayosubiri diski (hali D). Endesha `vmstat 1`; puuza mstari wa kwanza, huo ni wastani tangu mashine iwashwe. Safu za `si` na `so` (data inayotoka na kuingia swap, sehemu ya diski inayosaidia RAM) zisipotulia kwenye sifuri, RAM haitoshi, data inahamia swap.

Jibu 2: Zikiwa sifuri lakini `wa` (muda CPU inaosubiri diski) iko juu, mshukiwa ni diski. `sudo iotop -o` itamtaja anayeisumbua.

Muulizaji: `so` inagonga 4000. Ila `free -h` inaonyesha kashe kubwa (data ya diski iliyowekwa kwenye RAM), niifute?

Jibu 1: Usiiguse, Linux huiachia yenyewe RAM ikihitajika. Soma `available` (RAM ambayo programu zinaweza kupata), kisha endesha `ps aux --sort=-rss | head` uone michakato inayokula RAM zaidi.