Sangara kwa fimbo kutoka miambani Luchelele: chambo gani, saa ngapi?

Mgeni wa Malimbe

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari zenu. Nimehamishiwa Mwanza kikazi, nimepanga Malimbe. Nimekulia Mtera, kule bwawani tulizoea perege na kambale kwa fimbo, na mpaka leo napenda kuvua kwa raha ya kuvua tu, siuzi. Hapa jioni nashuka kwenye mawe ya Luchelele na fimbo ya futi nane, mshipi wa kilo 10 na chambo bandia cha samaki mdogo. Napata visangara vya kiganja na nusu, navirudisha majini. Juzi kuna kitu kizito kilivuta kikakata mshipi kwenye jiwe, na tangu hapo sina usingizi mzuri.

Sina mtumbwi. Je, nchi kavu mtu anaweza kupata sangara wa maana? Nitumie chambo gani, saa ngapi, mshipi upi?

Fundi Mashine Nyegezi

Marahaba mdogo wangu, karibu sana Mwanza. Nchi kavu inawezekana kabisa, na kwa mtu asiyeuza naona ndiyo njia nzuri zaidi.

Kazi yangu ni kutengeneza mashine za mitumbwi, kwa hiyo asubuhi wavuvi wakileta mashine nawasikia wakisimulia dagaa walikuwa wapi usiku. Hayo ndiyo ninayoyasikiliza kuliko habari za sangara mwenyewe. Sangara utampata kwenye chakula chake. Hao wadogo unaowapata wanakula uduvi, ndiyo maana wamejaa pembezoni kwenye majani. Akikua anahamia kwa dagaa, furu (vile visamaki vidogo vya ziwani), na hata watoto wa sangara wenzake. Dagaa mchana wanakaa chini, giza likiingia wanapanda juu. Furu wa mawe wao hawaendi mbali na mawe yao. Basi ukitafuta mahali ambapo mawe yanashuka ghafla kwenye kina, umeshapata nusu ya jibu.

Nusu ya pili ni hewa ya majini. Naona wageni wengi wanakimbilia gugumaji wakiamini samaki wamejificha kivulini. Likiwa linapita tu, ukingo wake ni mzuri. Lakini likishajazana kwenye ghuba ndogo likatulia siku kadhaa, maji ya chini yake yanakosa hewa, hata harufu utaisikia. Kambale na kamongo wanamudu kwa sababu wanaweza kuvuta hewa ya juu. Sangara hamudu, anahitaji hewa nyingi majini kuliko samaki karibu wote wa hapa. Mimi nachagua jabali linalopigwa na mawimbi. Mchana upepo unatoka ziwani, kwa hiyo ikifika jioni upande wako wa Luchelele mawe yamepigwa kwa saa kadhaa, maji yamechanganyika, na sangara anasogea karibu kuliko unavyodhani. Mara nyingi amekaa mita tano kutoka miguuni pako wakati wewe unarusha mita arobaini. Anza kurusha sambamba na ukingo wa mawe, ndipo uende mbali.

Saa: kuanzia jua linapogusa maji hadi saa moja na nusu usiku, na alfajiri kuanzia saa kumi na moja. Siku za giza, wenzetu wa dagaa wakiwasha taa zao za sola, dagaa wanakusanyika kwenye taa na sangara wakubwa wanawafuata huko mbali. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa wanapumzika, na hapo ndipo mimi nimeona mawe yetu yanachangamka. Nasema kwa mawe ninayoyajua. Wa Kayenze wanaweza kuwa na maneno yao.

Mshipi wa kilo 10 uache kwa sato. Weka wa kusokotwa wa kilo 25 kwenda juu, rili ijae angalau mita 200. Mbele funga mita moja na nusu ya mshipi wa plastiki mnene, unene wa karibu milimita moja. Meno ya sangara ni madogo kama msasa, hayakati. Kinachokata ni ukingo wa kifuniko cha shavu lake, na jiwe. Chambo bandia kiwe cha sentimita 12 hadi 15, kinachozama kidogo ukikivuta. Ndoana za meno matatu zilizokuja nacho zikiwa nyembamba zibadilishe, atazinyoosha.

Sasa kuvuta. Kivute polepole mpaka ukisikie kinagusa jiwe, kisha kiache, hesabu hadi mbili, kivute tena. Mara nyingi anapiga kikiwa kimesimama. Usisubiri kudokolewa. Fimbo inainama moja kwa moja mpaka mpini unagonga mbavu, mshipi unakata maji kuelekea kushoto au kulia, halafu unalegea ghafla. Wengi wanadhani ametoka. Hajatoka, anapanda. Maji yanafura, kichwa kinajitokeza, mdomo wazi unaoweza kumeza papai, na anakitikisa hadi unasikia ndoana zinagonga mfupa. Hapo shusha ncha ya fimbo upande, karibu kugusa maji, na zungusha rili haraka ili mshipi usilegee. Akirudi chini ataelekea kwenye pango la mawe, kwa hiyo breki ya rili iwe imekazwa kabla hujaanza kurusha. Wakati huo hutapata mkono wa kuigusa. Ukimulika tochi anapokaribia utaona jicho lake linawaka rangi ya chungwa, na kwa kweli sijawahi kulizoea jicho lile.

Kuhusu kumrudisha. Sangara chini ya sentimita 50 na sato chini ya 25 ni sheria, hakuna mjadala. Lakini nakuomba na mkubwa umwachie. Sangara mkubwa kwa kawaida ni jike, na tumbo lake linabeba mayai kwa mamilioni. Mimi nachukua wa sentimita 60 au 70 kwa mboga ya nyumbani. Wa mita moja anarudi. Sisi wa miambani tuna bahati kwamba tunamvua kwenye maji mafupi. Anayepandishwa haraka kutoka kina kirefu bondo lake, yaani mfuko wa hewa wa tumboni, linafura, ukimwachia anaelea tumbo juu. Wa kwetu mshike ndani ya maji kwa mikono iliyolowa, usimning'inize kwa taya, toa ndoana kwa plaizi, msubiri apumue. Akiwa tayari utajua, atakulowesha.

Na fimbo yako isisogee kisiwa cha Saanane. Pale ni hifadhi ya taifa tangu 2013.

Mshipi wa Mkono, Ukerewe

Kaka Fundi, kwenye hewa na mawe niko nawe. Kwenye chambo naomba tutofautiane. Chambo bandia kikinasa jiweni kijana amepoteza hela ya wiki. Furu hai anashinda. Mchome ndoana moja nyuma ya pezi la mgongoni, juu ya mfupa, aendelee kuogelea. Weka risasi ndogo tu, mwache ashuke kando ya jabali. Tumia ndoana ya duara, ile iliyojikunja ncha kwa ndani. Sangara akiondoka nayo inashika pembe ya mdomo, haifiki tumboni. Usikurupuke kuvuta, acha mshipi ukaze wenyewe.

Kumrudisha mkubwa, kwetu ni neno gumu. Sangara ndiye ada ya shule. Kwa kilo, bondo lina bei kuliko minofu, na siwezi kumwambia jirani yangu mwenye watoto amwachie samaki wa kilo 40. Ila wewe usiyeuza, ukimwachia, sisi utakuwa umetusaidia, na nakushukuru kwa moyo.

Fundi Mashine Nyegezi

Ndugu yangu wa Ukerewe, nimekuelewa, na jirani yako simlaumu hata kidogo. Hata ndoana ya duara nakubali ni bora kwa samaki anayerudishwa.

Ila furu, nakusihi mgeni wetu achague. Furu wa kijivu wa matopeni ni sawa. Wale wa mawe wenye rangi, tunaowaita mbipi, waache. Sangara aliletwa ziwani humu miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 furu wengi walikuwa wameisha. Aina nyingi hazijaonekana tena. Wa mawe walinusurika zaidi kwa sababu ya nyufa zao. Wengine wanaishi kwenye miamba michache tu, na kuna mmoja mwekundu ambaye wanasayansi wamempa jina la Mwalimu Nyerere. Kumchoma yule ndoana ili nipate sangara, mimi siwezi.

Muuguzi Igombe

Habari zenu kaka zangu. Mmeongea samaki vizuri, naomba niongee mvuvi. Mgeni, usiingie majini kuchomoa chambo kilichonasa, hasa mchana. Kichocho kipo pembezoni mwa ziwa letu, na vijidudu vinavyotoka kwa konokono vinakuwa vingi zaidi jua likiwa kali. Simama juu ya jiwe, ukilowa jikaushe mara moja, na ukiona damu kwenye choo kikubwa au mkojo, au tumbo linakusumbua nenda ukapime. Dawa ipo na inafanya kazi. Saa hizo za jioni mnazozisifia ndizo saa za kiboko kupanda malishoni. Mulika njia yake kabla hujakaa, usikae kati yake na maji. Mamba naye yupo, kwa hiyo samaki unayemrudisha usimshike huku umechuchumaa ukingoni kwa muda mrefu.

Mgeni wa Malimbe

Asanteni sana, nimejifunza kuliko nilivyotarajia. Dada Muuguzi, nimekusikia. Fundi, la mwisho: nikipata likizo nataka kujaribu Rubondo. Inaruhusiwa?

Fundi Mashine Nyegezi

Inaruhusiwa kwa kibali. Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977, iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na uvuvi wa michezo ni moja ya shughuli wanazowapangia wageni. Wavuvi wa biashara hawaruhusiwi, ndiyo maana maji yale ni mahali pa samaki kuzaliana. Fuatilia kibali mapema kabla hujaomba likizo. Kule mnavua mkiwa kwenye boti, chambo kinaburutwa nyuma taratibu kandokando ya miamba, kwa hiyo chukua fimbo fupi na ngumu kuliko hiyo yako ya futi nane, na chambo kinachozama zaidi. Ukitaka kuijaribu kwanza, Jumapili alfajiri huwa nipo kwenye majabali chini ya Luchelele. Njoo na mshipi mpya, nikufundishe fundo la kuunganisha wa kusokotwa na wa plastiki, maana hilo kwa maandishi halieleweki.