Mrejesho: Nimefika Bujumbura, nimepokelewa kama mtoto wa nyumbani

Wakuu, mimi ndiye yule wa Kigoma niliyeuliza kama ni busara kwenda Burundi kukaa kwa familia ya rafiki yangu. Nimekwenda, nilivukia mpakani Manyovu.

Kilichonishtua kwanza ni barabara. Kule magari hupita kulia. Nilitazama upande niliouzoea, mama mwenyeji akanivuta mkono. Saa yao nayo iko nyuma ya yetu kwa saa moja.

Lugha ndiyo iliyonigusa. Nilijiandaa kwa Kifaransa cha kuokoteza, kumbe Kirundi na Kiha chetu ni ndugu wa tumbo moja. Bibi wa nyumba akiongea taratibu, namwelewa. Na mtaani Buyenzi nimeongea Kiswahili mchana kutwa.

Jioni wakaleta samaki wa kuchoma, wao humwita mukeke. Namtazama: mgebuka wetu wa Kigoma huyu! Ziwa Tanganyika si ni hilohilo? Mama akanitengea kipande cha tumboni, mafuta yanachuruzika, akakaa pembeni mpaka nikamaliza.

Uliyenishauri nisiende mikono mitupu, Mungu akubariki. Bibi alifungua dumu la mawese nililompelekea, akanusa, akachovya kidole, akanishika kichwa kwa mikono miwili. Sasa ananiita mjukuu.